Gari likizima njiani, usikimbilie kulaumu mafuta

Wiki hii wateja watatu wameniletea maneno yaleyale: "Fundi, gari linanizimia njiani, nadhani nimewekewa mafuta yaliyochakachuliwa." Mmoja alitoka Korogwe na Toyota IST, akija kwangu hapa Tanga. Lilimzimia Hale, likakaa karibu nusu saa, likawaka, alipokaribia Muheza likazima tena. Kabla hajafika kwangu alishamwaga tenki zima la petroli na kufungiwa pampu mpya. Ugonjwa ukabaki palepale.

Jamani, mafuta mabaya hayaponi kwa gari kupumzika. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni mbaya asubuhi, ni mbaya na jioni: gari linasumbua kuwaka, linakosa nguvu mlimani, injini inagonga, linakohoa na kutoa moshi. Mafuta mabaya hayalifanyi gari liende vizuri kutoka Korogwe hadi Hale, likatike ghafla kama umefunga swichi, kisha likipoa lirudie uzima wake. Uchakachuaji upo, ndiyo maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kuyatambua, kwenye mafuta mwaka 2010. Ila upimwe, usidhaniwe. Chota petroli kwenye chupa angavu, iache itulie: kama ina maji yatakaa chini na utaona mpaka wake. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka upesi, mafuta ya taa huacha doa. Fanya hivyo mbali na moto, na kabla hujamwaga hata lita moja.

Lile IST lilikuwa na ubovu wa sensa ya krenki, kifaa kinachoiambia kompyuta ya gari kama shafti kuu ya injini inazunguka. Ndani yake kuna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye sumaku. Waya ukipata ufa, joto likipanda unaachana, ukipoa unagusana tena. Sensa ikinyamaza, kompyuta haijui kama injini inazunguka, kwa hiyo inakata cheche na mafuta kwa pamoja. Hapo ndipo pampu inaposingiziwa. Kwenye Toyota nyingi, kufungua swichi peke yake hakuiamshi pampu. Kompyuta huiwasha injini inapozungushwa, na huiacha iendelee ikiona krenki inazunguka. Fundi anafungua swichi, anatega sikio kiti cha nyuma, hasikii mngurumo, anatoa hukumu: "Pampu imekufa." Pampu nzima ya kiwandani inatupwa, inafungwa ya bei rahisi isiyofika mwaka. Hili linaniumiza kuliko mengine yote, maana nimeona watu wakilipia pampu mbili kwa sensa moja.

Gari la namna hii hupimwa likiwa limezima, kabla halijapoa. Ukiniletea likiwa linanguruma vizuri, nitakuomba tuzunguke nalo barabara ya Pangani mpaka lizime, hata kama una haraka. Likizima, angalia mshale wa mzunguko wa injini wakati wa kupiga stata; usipotikisika kabisa, anza na krenki. Halafu cheche, halafu presha ya petroli. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST nyingi inatakiwa kuwa na presha ya petroli kati ya psi 44 na 50, na sensa yake ya krenki ikiwa baridi husoma takriban ohmu 1,000 hadi 1,600. Iliyokatika haisomi kitu. Cheche ikiwepo na presha ikawa imeshuka, sasa tuzungumze habari za pampu, filta na rilei, ile swichi ndogo ya umeme wa pampu.

Na ukitaka pampu yako idumu, acha kutembea na taa ya mafuta imewaka. Pampu imo ndani ya tenki na petroli ndiyo inayoipoza. Robo tenki iwe ndiyo mwisho wako.

Kuna na maneno mengine ninayoyasikia gereji. "Mashine ya kupimia haikusoma kosa, kwa hiyo gari ni zima." Si kweli. Sensa inaweza kukatika na kurudi bila kompyuta kuandika P0335, namba ya kosa la sensa ya krenki. Mashine inakuonyesha pa kuanzia, kupima bado ni kazi ya fundi.

"Ni joto hilo, toa themostati." Usikubali. Themostati ni valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto. Bila themostati injini inachelewa kufika joto lake, kompyuta inaendelea kuongeza mafuta, plagi zinakuwa nyeusi. Umeongeza ugonjwa wa pili.

Kuna na wale wanaochomoa waya wa betri injini ikiwaka, eti wajue kama altaneta inachaji. Umeme ukiruka hapo unaweza kuua kompyuta. Weka mita kwenye betri gari likiwaka: volti 13.5 hadi 14.5, basi. Kwa magari yanayolala karibu na bahari, kama ya Raskazone, mimi huanza na waya hasi unaofungwa kwenye bodi. Chumvi inaula kimyakimya, na ukiusafisha mara nyingine safari ya gereji imeishia hapo.

Likizima ukiachia mafuta tu, kwenye tuta au kwenye taa, safisha kwanza throto bodi, pale hewa inapoingilia kwenye injini.

La mwisho ni la uhai: "Gari likizima breki zinakufa." Hazifi papo hapo. Hydrovaki, kile kisaidizi cha breki, bado ina akiba ya kukanyaga mara moja au mbili, kwa hiyo kanyaga mara moja kwa nguvu bila kupampu. Usukani utakuwa mzito, uvute kwa mikono miwili, na usirudishe ufunguo mpaka mwisho gari likiwa bado linatembea, usukani utajifunga. Barabara ya Segera ina malori. Toka kabisa nje ya lami, washa taa za hazadi, weka pembetatu nyuma, na abiria washuke kwa milango ya kushoto.