Oto haijui rangi ya flashi yako

Wapiga picha wengi wa studio hapa Dodoma tumefundishwa kwamba ukitumia flashi, acha mizani ya weupe (mpangilio wa kamera unaofanya kitu cheupe kitoke cheupe) kwenye oto, yaani kamera ijipangie, itajua yenyewe. Sivyo. Oto hukisia kutokana na rangi zilizomo kwenye fremu. Mteja wa pasipoti akikaa mbele ya pazia la bluu, kamera inaweza kuona bluu imezidi, ikaongeza umanjano kuifidia, na uso ukatoka kama umepakwa binzari. Akija mama mwenye kitenge chekundu, taa ni ileile, lakini ngozi inapauka.

Flashi yenyewe haiyumbi hivyo: nyingi za studio hutoa mwanga wa takriban Kelvini 5500 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), karibu na jua la mchana. Basi kwenye mizani ya weupe anza na alama ya flashi, au andika 5500. Bora zaidi, mpe mteja kadi ya kijivu aishike karibu na uso, piga moja, kisha pima mizani kwa picha hiyo, maana kitambaa cha softiboksi (boksi la kulainisha mwanga wa flashi) kikizeeka hugeuka manjano na ukuta wa krimu hurudisha rangi yake. Karatasi ya printa badala ya kadi siishauri kabisa. Nyingi zina king'arishi, kemikali ya kuzifanya zionekane nyeupe zaidi, kinachovuta kwenye bluu. Ukibadilisha mwavuli wa flashi, pima upya.