Kubadili jina la faili si kugeuza faili

Imani hii ni ya siku nyingi: ukitaka barua ya .docx iwe PDF, futa herufi za mwisho za jina, andika .pdf, basi. Ikoni hubadilika kweli, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Ndani hakuna kilichoguswa.

Faili la PDF huanza na alama %PDF. La .docx, muundo ulioletwa na Office 2007, huanza na PK, herufi za jina la Phil Katz aliyebuni ZIP, muundo wa kufungasha mafaili mengi kuwa moja. Si ajabu, kwani .docx ni furushi la ZIP lenye mafaili ya XML, yaani maandishi yenye vitambulisho vya kupanga data: maandishi peke yake, mitindo peke yake, picha kwenye folda yao. Lifungue kwa programu ya ZIP ujionee.

Kugeuza hasa kunataka programu isome muundo wa kwanza, ipange kurasa, ndipo iandike wa pili. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia nyaraka, hufanya hivyo bila kufungua dirisha, hata ile ya kubebeka kwenye flashi, kwa amri hii ya kuandika kwenye terminali:

soffice --headless --convert-to pdf barua.docx

Usumbufu mkubwa ni fonti. Flashi hubeba programu, haibebi fonti za kompyuta uliyoandikia. Calibri ikikosekana, LibreOffice huweka Carlito yenye upana uleule wa herufi, na mistari hubaki ilipo. Fonti isiyo na mbadala wa namna hiyo inaweza kusukuma jedwali hadi ukurasa wa pili.

Na amri ikinyamaza bila kutoa faili, angalia kwanza kama LibreOffice nyingine iko wazi.