Kuamka ndani ukiwa kwenye daladala ya Uyole

Watu wakisikia nafundisha meditesheni hapa Mbeya swali la kwanza huwa ni lile lile, mwalimu mimi nina duka Mwanjelwa, nina watoto watatu, muda wa kwenda kukaa mlimani nitautoa wapi? Na mkono unanyooka kuelekea Loleza, utadhani kuamka ndani, yaani kuona kinachotokea mwilini na akilini mwako kabla hakijakubeba, kumewekwa kule juu kwenye ukungu.

Basi huwa nawapa habari za U Ba Khin. Huyu mzee alikuwa mtu wa hesabu serikalini kule Burma, Myanmar ya sa hivi, na nchi ilipopata uhuru 1948 yeye ndo akawa Mhasibu Mkuu. Meditesheni hii ya Buddha aliianza 1937 akiwa na kazi na familia, mafaili hakuyaacha, akafundisha mpaka watumishi wa ofisini kwake, na mwanafunzi wake mmoja, Goenka, mfanyabiashara, ndo akaja kusambaza kozi za siku 10 za meditesheni hii duniani. Yaani mafundisho ya Buddha yenye miaka kama 2,500 yametufikia kupitia mhasibu na mfanyabiashara!

Sasa kazi yenyewe. Kwanza ni pumzi, unaiangalia tu inavyoingia na kutoka puani, huivuti wala huilazimishi. Asubuhi za mwezi wa saba huku kwetu ni rahisi sana maana hewa inaingia ya baridi unaisikia kabisa puani, ikitoka ina joto. Akili itakimbia, mara marejesho ya vikoba mara grupu la mchango wa harusi, we irudishe tu usijigombeze. Ikishatulia unapita mwilini, utosini hadi vidole vya miguu, unaangalia kilichopo, joto, kuwasha, ganzi, uzito, hukifukuzii wala hukikimbii.

Hapo wengi wanaona kama mchezo. Lakini juzi natoka Uyole naenda Kabwe, tumekwama nyuma ya malori ya Tunduma, konda kakataa kunirudishia chenji na kanijibu ovyo mbele ya abiria wote. Nikasikia moto unapanda kifuani, taya limekaza. Huo moto ulifika kabla sijapata neno hata moja la kumjibu, na hapo kwenye huo upenyo mdogo ndo mafundisho yote yanapofanyia kazi, maana mtu aliyezoea kuuona akiwa amekaa kimya nyumbani atauona hata kwenye kelele. Nikauangalia, ukapungua. Halafu nikamdai chenji yangu kwa sauti ya kawaida, akanipa. Nalisema hili kwa sababu kuna wanaodhani kuamka ni kukubali kuonewa, hapana jamani.

Wala sikwambii uache kanisa au msikiti wako. Mama mmoja wa Moravian ninayemfundisha anakaa na pumzi dakika kumi ndo anaanza sala ya asubuhi, anasema sasa hivi anaisikia sala yake mwenyewe.

We anza hivyo hivyo, dakika kumi kabla hujashika simu. Na ikilia ukaona jina la yule mtu anayekukera, sikiliza kwanza kifua chako ndo upokee.