Kabla hujaweka mayai, pima kipimajoto chenyewe

Inkubeta (mashine ya kutotolea mayai) yenye feni inatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 37.5 na 37.8 za sentigredi. Ikizidi nyuzi moja tu kwa siku zote 21, utapata vifaranga wachache na dhaifu, na joto la kuzidi huua haraka kuliko la kupungua. Ndiyo maana kila anayeniletea mashine ya kutengeneza kwa sababu "haitotoi", naanza na kipimajoto, hata kama balbu na feni ni nzima.

Wengi tunaotengeneza wenyewe tunatumia thamostati (kifaa kinachowasha na kuzima balbu kulingana na joto) ya W1209, ile yenye namba nyekundu. Inaonyesha 37.6, na mtu akishaona desimali anaamini. Lakini desimali inaeleza namna namba inavyoandikwa, haisemi kama ni sahihi. Sensa (kijisehemu kinachohisi joto) ya aina ya DHT11 inaruhusiwa na mtengenezaji wake kukosea hadi nyuzi 2 juu au chini. Kwa mayai haifai kabisa. Sensa ya DS18B20 hukosea hadi nusu nyuzi, ambayo unaweza kuirekebisha.

Wapo wanaopima kwa maji ya barafu au yanayochemka. Barafu inakupa sifuri, lakini sensa iliyo sahihi kwenye sifuri inaweza kupotoka ikifika 37. Maji yanayochemka nayo hutegemea mwinuko: Dar es Salaam ni karibu 100, Nairobi ni kama 94. Pima pale pale utakapofanyia kazi.

Kipimajoto cha homa cha dijitali cha duka la dawa ndicho rejea yangu, kwa sababu kimetengenezwa kwa ajili ya joto hilo hilo la mwili, na kizuri hukosea sehemu moja tu ya kumi ya nyuzi. Tia maji ya nyuzi 38 hivi kwenye chupa ya chai, yakoroge vizuri, kisha zamisha ncha yake pamoja na ncha ya sensa isiyopitisha maji, zikiwa zimegusana. Subiri namba zitulie. Kumbuka kipimajoto cha homa hushikilia namba ya juu kabisa, kwa hiyo kizime na ukiwashe upya kila unaposoma. Rudia mara tatu. Kama W1209 inasoma 38.4 na cha homa 37.8, bonyeza SET kwa sekunde tano, nenda P4 (mahali pa kusahihisha namba), weka -0.6. Ukiwa humo humo angalia P1: kiwandani huja 2.0, yaani joto hushuka nyuzi mbili kabla balbu haijawaka tena. Mimi naweka 0.3.

Sensa isiyostahimili maji, kama za jamii ya DHT, usiizamishe. Ining'inize ndani ya mashine kando ya kipimajoto ulichokwisha kukisahihisha.

Halafu mahali. Sensa ikae usawa wa mayai, isiguse ukuta wala isitazamane na balbu, maana mwanga wake huipasha moto kuliko hewa yenyewe. Mashine isiyo na feni ni habari nyingine: hewa ya moto hupanda juu, hivyo pima usawa wa mgongo wa yai na ulenge 38.3 hadi 38.9. Sentimita chache tu juu au chini hubadilisha namba.

Usihangaike na namba inayoruka kila balbu inapowaka na kuzimika. Yai ni zito, halifuati hewa kwa kasi hiyo. Ukitaka kuona wastani wa joto anaoupata kiinitete (kifaranga anayekua ndani ya yai), zamisha sensa ya pili kwenye kichupa cha maji chenye ukubwa wa yai, kikae kwenye trei.

Siku ya kutotoa itakuonyesha kilichobaki. Vifaranga wakianza kutoka siku ya 19 na vitovu havijafunga, joto halisi lilikuwa juu ya ulilosoma, punguza 0.3 awamu ijayo. Wakijikokota hadi siku ya 22 au 23, ongeza kiasi hicho hicho.