Kujifukiza nyumbani: mtoto asiingie kwenye blanketi

Kipupwe kimeingia, na wodi yetu ya majeraha ya moto imeanza tena kupokea watoto waliobabuliwa na maji ya nyungu. Hatuna ugomvi na nyungu. Mvuke wa mkaratusi au mchaichai hulegeza kamasi, mtu akapumua vizuri kwa muda. Hauui virusi vya mafua wala vya UVIKO-19. Tumelisema hilo tangu 2020 na bado tunaulizwa kila wiki.

Hatari ni sufuria. Mama huiweka kwenye stuli, akampakata mtoto, wakajifunika blanketi zito. Joto likimzidi, mtoto hurusha mguu na maji yote humwagikia mapajani. Mtoto mdogo asifukizwe kabisa. Pua ikiziba, matone ya maji ya chumvi kutoka duka la dawa yanatosha, na aendelee kunyonya.

Mtu mzima amimine maji kwenye beseni pana lililotulia mezani, asubiri dakika chache, kisha ainame kwa mbali kidogo, macho amefumba, dakika 5 hadi 10. Mwenye pumu aulize kwanza kituoni. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua.

Mtu akiungua, mmwagie maji baridi ya bomba dakika 20. Tazama saa, maana wengi huacha baada ya dakika mbili. Kama bomba halitoki, mimina kwa kata, polepole, bila kukatiza. Vua nguo na shanga, ila kilichoganda kwenye ngozi kiache. Barafu hapana. Funika kwa kitambaa safi, umlete. Na tafadhali, dawa ya meno ni ya meno! Ikipakwa kwenye jeraha, pamoja na ute wa yai au unga, inatubidi tuiondoe yote kwanza, mtoto akilia, ndipo tuone ameungua kiasi gani.

Anayewauzia dawa za kujifukizia mwombeni cheti. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mganga nchini Tanzania asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kutibu watu bila usajili ni kosa.

Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, hayo si mafua ya kusubiri. Mleteni usiku huohuo.