League1 Ontario 2023: msimamo wa ligi usomwe na kalenda mkononi

"Mwalimu, hii ligi ni daraja la ngapi hasa?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi kuhusu League1 Ontario, ligi ya soka ya jimbo la Ontario, Kanada, na wazazi tunaozungumza nao Kiswahili huku, wengi wao Wakongomani na Warundi, ambao vijana wao wanakipiga kwenye klabu za miji midogo pembezoni mwa Toronto. Mimi kazi yangu ni kutafuta wachezaji kwa ajili ya timu za vyuo. Kiangazi chote nakimalizia kando ya viwanja vya nyasi bandia, daftari mkononi, kwa hiyo jibu ninalo, ila huwa halimridhishi mtu.

Ni daraja la tatu. Lakini la pili halipo.

Sitanii. Kwa upande wa wanaume, klabu tatu kubwa za Kanada, yaani Toronto FC, CF Montréal na Vancouver Whitecaps, zinacheza kwenye ligi ya Marekani, MLS. Ligi ya kulipwa ya nchi yenyewe, Canadian Premier League, ilianza mwaka 2019. Chini yake chama cha soka kiliacha pengo, kisha zinakuja ligi za majimbo. Quebec ilitangulia mwaka 2012, Ontario ikafuata 2014 na kuongeza ligi ya wanawake 2015, British Columbia ikaingia 2022. Ligi hizi hazina hadhi moja ya malipo. Katika kikosi kimoja utamkuta mchezaji anayepewa chochote kila mwezi, mwenzake anayerudishiwa nauli tu, na wa tatu ambaye mzazi wake amelipa ada ya akademi ndipo akafika hapo. Wote wanavaa jezi moja na wanafungwa pamoja.

Msimu ninaotaka kuueleza ni wa 2023, upande wa wanaume, kwa sababu ulikuwa msimu wa mwisho wa aina yake na watu wengi waliusoma vibaya.

Kwanza kalenda. Ontario mpira wa nje hauwezi kuanza kwa utulivu kabla ya mwisho wa Aprili. Kabla ya hapo timu zinajifua ndani ya maturubai makubwa yaliyojazwa hewa, ambako mpira unadunda tofauti na hakuna upepo wa kumsumbua kipa. Upande wa pili kuna ukuta mwingine, nao ni vyuo. Soka la vyuo Amerika Kaskazini linachezwa msimu wa kupukutika kwa majani: mechi zinaanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika Novemba au Desemba. Kijana mwenye ufadhili wa masomo Marekani anatakiwa kambini mwanzoni mwa Agosti, na anayesoma hapahapa Kanada anaitwa muda mfupi baadaye. Katikati ya theluji na chuo inabaki miezi mitatu na ushee, na ndani ya miezi hiyo ligi nzima lazima ichezwe, pamoja na mechi za mchujo za kumpata bingwa.

Hili si jambo dogo la ratiba. Ndiyo roho ya ligi. Mtazame Alistair Johnston, beki wa kulia wa timu ya taifa. Wakati wa masomo alikuwa Marekani, kwanza St. John's kisha Wake Forest, na kiangazi alikuwa anarudi kuichezea Vaughan Azzurri kwenye League1 Ontario. Sigma FC ya Mississauga nayo iliwapitisha Cyle Larin, Richie Laryea na Tajon Buchanan, na kila mmoja alikwenda chuo cha Marekani: Larin Connecticut, Laryea Akron, Buchanan Syracuse. Wote wanne walikuwa kwenye kikosi cha Kanada katika Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022. Ukiuliza ligi hii imelifanyia nini taifa, jibu ni kwamba iliwapa vijana hao mechi za ushindani katika miezi ambayo chuo kimefungwa. Ila mfumo huohuo ndio unaoivuruga timu Agosti, wakati wa kugombea kombe.

Sasa rudi 2023. Timu zilikuwa 21 na kila timu ilikutana na nyingine mara moja tu, mechi 20 kwa kila mmoja. Hakuna mechi ya marudiano. Ukipangiwa kusafiri kwenda kwa mgumu, basi umesafiri, hatakuja kwako. Tena Ontario ni jimbo pana: kutoka Windsor, mpakani na Detroit, hadi Toronto ni karibu kilomita 370, na Peterborough iko mbele zaidi upande wa mashariki. Timu inapanda basi asubuhi, inacheza alasiri, inarudi usiku, na Jumatatu kipa yuko kazini ghalani akipakia mizigo. Kuna hata klabu ya Ottawa, ambayo ni mji wa Ontario, iliyojiunga na ligi ya Quebec kwa sababu Montreal iko kilomita 200 tu, wakati Toronto ni zaidi ya 400. Mpaka wa jimbo haukuwa na maana mbele ya bei ya mafuta.

Kilichoufanya msimu ule uwe wa pekee ni kwamba viongozi wa ligi walikuwa wameshatangaza mageuzi. Kuanzia 2024 kungekuwa na madaraja matatu, na kupanda na kushuka. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hili ni jambo la kawaida kama mvua za masika, lakini Amerika Kaskazini karibu kila ligi inaendeshwa kwa leseni. Unanunua nafasi yako, unatimiza masharti, unabaki humo hata ukishika mkia miaka yote. League1 Ontario ikaamua kuachana na hilo, na ili kuamua nani aanze daraja gani, ikachanganya matokeo ya misimu miwili, 2022 na 2023. Timu 12 za juu za wanaume zingeunda daraja la kwanza.

Hebu fikiria maana yake kwa timu iliyoko nafasi ya 13. Miaka ya nyuma, timu isiyo na matumaini ya mchujo ilikuwa inafunga hesabu mapema Julai. Kocha anawapumzisha wakongwe, anawaingiza vijana wa miaka 17, watu wanacheza kwa raha. Kwangu mimi hizo ndizo zilikuwa mechi bora za mwaka. Mtoto ambaye hujawahi kumsikia anapewa dakika 90, anafanya makosa, anarekebisha, na wewe unaona kichwa chake kinavyofanya kazi. Mwaka 2023 mechi hizo zilipotea. Katikati ya msimamo kulikuwa na vita halisi, maana tofauti ya alama mbili ingeamua kama klabu itaitwa ya juu au ya pili, na jina hilo ndilo linalouza nafasi za akademi kwa wazazi. Makocha wakaganda na wachezaji wao wa miaka 24. Ushindani ulipanda, sikatai. Lakini aliyelipa gharama ni kijana wa benchi, na kwenye ripoti za pongezi sikuona popote akitajwa.

Ndipo ninapomjibu mzazi anayeniandikia kwamba mwanawe ana mabao manane, mbona hatafutwi. Mimi huuliza kwanza: ameyafunga mwezi gani? Mabao ya Mei yamefungwa dhidi ya timu ambazo nusu ya wachezaji wao walikuwa wametoka mitihanini wiki chache kabla na miguu bado mizito. Mabao ya katikati ya Juni hadi wiki ya tatu ya Julai ndiyo ninayoyapa uzito, kwa sababu hapo vikosi vimetimia na kila mtu yuko fiti. Mabao ya Agosti yanategemea nani ameshaondoka. Nimewahi kuona beki wa kati wa kiwango cha juu kabisa akimaliza mechi, akioga, na kupelekwa moja kwa moja uwanja wa ndege. Wiki iliyofuata timu yake ilicheza mchujo na kiungo aliyerudishwa nyuma. Ukisoma matokeo tu, utadhani timu ilishuka kiwango.

Kuna mambo mengine ambayo msimamo hauyaonyeshi. Juni ya 2023 moshi wa mioto ya misitu uliifunika sehemu kubwa ya Ontario. Jua lilikuwa jekundu mchana, na watu walikuwa wakiangalia kipimo cha ubora wa hewa kabla hawajaamua kutoka kufanya mazoezi. Na kila kiangazi kuna radi. Utaratibu wa huku ni kwamba ngurumo ikisikika, wachezaji wanaondoka uwanjani, na saa inaanza kuhesabu dakika 30 upya kila ngurumo inapojirudia. Mechi iliyopaswa kuchukua muda wa saa mbili inachukua saa nne. Mwenye benchi refu ananufaika. Mwenye wachezaji 14 na basi linalosubiri anaumia.

Bingwa wa 2023 akawa Simcoe County Rovers wa Barrie, klabu iliyoingia kwenye ligi mwaka 2022 tu, na ambayo Julian de Guzman, nahodha wa zamani wa Kanada, alikuwa mmoja wa viongozi wake wakati huo. Zawadi kubwa ya ubingwa si fedha. Ni tiketi ya kucheza Canadian Championship, kombe la nchi nzima, ambalo mabingwa wa Ontario na Quebec walifunguliwa mlango wake mwaka 2018. Huko unakutana na wakubwa.

Lakini kombe hilo linachezwa mwaka unaofuata, tena raundi ya kwanza mara nyingi huangukia Aprili. Aprili! Ligi ya Ontario haijaanza au ndiyo kwanza inaanza, timu imetoka kwenye turubai, na wanafunzi wako kwenye mitihani ya mwisho wa muhula. Kikosi kilichotwaa ubingwa Agosti hakipo tena. Wengine wamesajiliwa kwingine, wengine wako Marekani darasani. Simcoe walikwenda uwanja wa BMO Field Aprili 2024 kuikabili Toronto FC, wakala tano bila majibu. Mitandaoni watu wakaandika kwamba ligi ni dhaifu. Mimi niliona timu isiyo na mechi miguuni ikicheza na timu iliyokuwa tayari katikati ya mashindano, na hata hivyo tofauti ya uwezo ilikuwepo, tusijidanganye.

Wanaotaka ushahidi wa upande wa pili wanao. Aprili 2023, TSS Rovers wa British Columbia, klabu ambayo mashabiki wake wanamiliki sehemu ya hisa, waliwafunga Valour FC ya Winnipeg 3–1. Ilikuwa mara ya kwanza timu ya ligi ya jimbo kuitoa timu ya kulipwa katika kombe hilo. Mwaka uliofuata CS Saint-Laurent ya Quebec iliitoa HFX Wanderers, nayo timu ya kulipwa, kwa penalti. Huko British Columbia, pwani ya Pasifiki, majira ya baridi si makali kama ya Ontario, na timu inaweza kufanya mazoezi nje karibu mwaka mzima. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee ya ushindi wa TSS Rovers, ila ningekuwa kocha wa Ontario ningeanza na hapo kabla ya kulaumu mfumo wa 4-3-3.

Wanawake nao wana habari yao, na nitaigusa kwa haraka kwa kuwa inastahili makala yake. Hadi 2025, ilipoanza Northern Super League yenye klabu sita, Kanada haikuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake. Maana yake League1 Ontario kwa wasichana haikuwa daraja la tatu la kitu chochote. Ilikuwa miongoni mwa ligi za juu kabisa ndani ya nchi ambayo timu yake ya taifa ilichukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo. Msichana wa miaka 20 alikuwa anacheza hapo kiangazi, anarudi chuo, na akihitimu chaguo lake lilikuwa kuhamia Marekani au Ulaya, au kutundika viatu.

Mageuzi yalipoanza 2024, daraja la kwanza la wanaume lilikuwa na timu 12 zikicheza nyumbani na ugenini, mechi 22, na Scrosoppi FC ikaibuka bingwa. Malalamiko yangu kuhusu mechi za bahati ya ratiba yakaisha, kwa sababu sasa kila mgumu anakuja kwako pia. Kuhusu vijana wa benchi, ligi iliweka daraja la chini ambalo timu za akiba zinaruhusiwa kucheza, na huko ndiko nilikohamishia daftari langu. Viwanja vyake havina majukwaa, ratiba inabadilishwa kwa ujumbe wa simu, na kocha anaweza kukuomba uwe mshika kibendera. Ila kijana wa miaka 17 anacheza dakika 90.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza tena kuhusu madaraja, siku hizi namwuliza mwanawe amecheza dakika ngapi kati ya Juni na Julai, na nani alikuwa anamkaba. Akiwa nazo, anitumie video ya mechi nzima, si ile ya dakika mbili yenye muziki.