Peptidi inayoamsha kinasi: maswali ya wenye kisukari, Dodoma

Dokta, mwanangu anasoma kemia Chuo Kikuu cha Dodoma. Anasema wanasayansi wanabuni peptidi za kuamsha kinasi. Kinasi ni nini?

Ni kimeng'enya kinachochukua fosfeti kutoka kwenye ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) na kuipachika kwenye protini nyingine. Protini hiyo hubadilika umbo, ikaanza kazi au ikaacha. Mwilini tunazo kinasi zaidi ya 500.

Na peptidi?

Mama yangu, wewe unaichoma kila siku! Peptidi ni uzi wa asidi amino, yaani vijenzi vya protini, na insulini ina 51, katika nyuzi mbili. Kipokezi chake kimepenya utando wa seli: kichwa kiko nje, na mkia ulio ndani ndio kinasi. Insulini ikishika kichwa, mkia unaamka, na taarifa inapita hadi seli za misuli na mafuta zifungue njia ya sukari. Binadamu wa kwanza kutibiwa nayo alikuwa Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, huko Toronto Januari 1922.

Mbona kubuni nyingine ni kazi ngumu?

Dawa nyingi za kinasi huizima. Imatinibu, ya saratani ya damu, huziba kijishimo ambamo ATP hukaa, basi. Kuamsha kunataka ujanja zaidi, maana kinasi nyingi hujifunga zenyewe: sehemu moja ya protini huikumbatia nyingine. Daria Mochly-Rosen na wenzake, Marekani, walinakili kipande cha asidi amino 8 tu kutoka kwenye kinasi yenyewe, aina iitwayo PKC epsiloni. Kipande hicho kikiingia huchukua nafasi ya kile cha asili, kumbatio linalegea, kinasi inafunguka. Kwa wanyama wa maabara kililinda misuli ya moyo iliyokosa damu. Kwangu mimi hilo ni jambo la kusisimua kweli.

Ila hakipenyi seli chenyewe. Hubebwa na peptidi nyingine, iliyotokana na protini ya virusi vya UKIMWI, nayo peke yake haiambukizi.

Si wangetengeneza vidonge?

Tumbo huikata peptidi kama linavyokata nyama na maharage. Ndiyo maana ya sindano.

Kuna mtu anauza "peptidi" mtandaoni. Niache insulini?

Hapana, nakusihi. Kinasi isiyozimika ndiyo inayoleta saratani ile inayotibiwa kwa imatinibu, kwa hiyo kuamsha ovyo ni hatari. Na kwa aina ya kwanza ya kisukari, kuacha insulini kunaua.

Kijijini Kongwa sina friji. Naitunzaje?

Ambayo haijafunguliwa hutakiwa nyuzijoto 2 hadi 8, isigande. Bila friji, weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, umwagilie maji, ufunike kwa kitambaa kibichi. Hewa kavu ya kwetu hukausha maji upesi, na joto huondoka nayo. Hapatafika baridi ya friji, kwa hiyo chukua chupa chache kila unapokuja kliniki. Chupa yenyewe ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, uiweke ndani ya chungu kidogo.